Hasira za kabla ya hedhi, au ni mbalamwezi tu?

DadaWaMwaloni
Habari za jioni wapendwa. Nauza dagaa wakavu pale Mwaloni, Kirumba. Kila mwezi kuna siku nakuwa mtu mwingine kabisa. Juzi mama mmoja, mteja wangu wa siku zote, kashika dagaa, kanusa, kasema wana mchanga. Hayo maneno huyasema kila akija, ndiyo namna yake ya kuomba nyongeza. Safari hii nikampokonya kisado mkononi, halafu nikaenda kulia nyuma ya magunia. Usingizi hauji, moyo mzito, mume akiuliza chakula naona kanitukana. Hedhi ikishaanza, nafunguka kama hakukuwa na kitu.

Sasa mama mkwe anasema ni mbalamwezi. Siwezi kumkatalia, maana mwezi ukiwa mpevu mitumbwi ya dagaa inalala, mzigo hakuna, na marejesho ya kikoba yako palepale. Nitajuaje kipi ni kipi? Nikapime homoni?

Baharia wa Kamanga
Marejesho hayo, dada. Hata mimi nisiye na hedhi, mwezi ukiwaka nyumbani hakukaliki 😂

NesiIgoma
Baharia, tulia kidogo.

Dada, pole sana. Yai likishatoka, takriban wiki mbili kabla ya hedhi, homoni iitwayo projesteroni hupanda. Siku za mwisho yenyewe na homoni nyingine, estrojeni, hushuka pamoja. Estrojeni inagusa serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia na usingizi. Projesteroni nayo mwilini huzaa kitu kinachoitwa alopregnanoloni, ambacho kwa kawaida hutuliza ubongo, ila kwa wanawake wengine kupanda na kushuka kwake huleta hasira na wasiwasi. Ndiyo maana sikushauri utoe hela ya kupima homoni. Wengi wenye shida hii viwango vyao ni vya kawaida kabisa, ubongo wao ndio unaoyapokea mabadiliko kwa ukali. Utarudi na karatasi ya "kawaida" na watu watasema unadeka.

Kipimo chako ni daftari. Mwezi wa angani hurudi kuwa mpevu kila baada ya siku 29 na nusu hivi. Hedhi ya mtu mzima kwa kawaida hurudi kati ya siku 21 na 35, kwa hiyo hivyo viwili mara nyingi havikai pamoja muda mrefu. Kila usiku andika hasira, huzuni na usingizi, toka 0 mpaka 5. Pembeni weka alama siku hedhi ilipoanza na siku mitumbwi ilipolala. Andika usiku uleule, ukingoja Jumapili utajaza ya kubuni. Mizunguko miwili au mitatu inatosha kuona hasira zinamfuata nani.

Zikifuata hedhi na zinaharibu kazi na ndoa, nenda kwa daktari na hilo daftari. Hali kali ya namna hii tangu 2013 imo kama ugonjwa kamili kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani. Kuna dawa za sonona zinazosaidia ndani ya siku chache, na wengine hunywa nusu ya pili ya mzunguko tu. Lakini ukipata mawazo ya kujidhuru, usisubiri daftari lijae. Nenda siku hiyohiyo.

Binti wa Sengerema
Mimi daftari lilileta jibu jingine. Huzuni ilikuwepo mwezi mzima, karibu na hedhi inazidi tu. Daktari akaniambia hiyo ni sonona inayochochewa, na matibabu yake ni ya kila siku. Usijiandikie jibu mapema, shosti.

DadaWaMwaloni
Asanteni. Daftari la madeni lina kurasa tupu kwa nyuma, naanza usiku huu. Mume kasoma hapa begani kwangu, anauliza na yeye aandike?

NesiIgoma
Aandike lake. Asichungulie lako.