Mjadala: Hospitali na vyuo vikuu vinachangia nini hasa kwenye uchumi wa jimbo? Tuanzie Pittsburgh

Wadau, habari zenu.

Hospitali kubwa au chuo kikuu kikitaka jambo serikalini, kinakuja na ripoti: tunaingiza mabilioni haya, tumeajiri watu hawa wote. Msimamo wangu ni kwamba ripoti za namna hiyo zinapima fedha iliyopita mikononi mwa taasisi, na hilo si sawa na mchango wake. Nimechagua Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania huko Marekani, kwa sababu pale kila kitu kiko wazi.

Mji ule uliishi kwa chuma mpaka viwanda vilipoanza kufungwa mfululizo miaka ya 1980. Leo, juu ya jengo la ghorofa 64 lililojengwa na U.S. Steel, zinasomeka herufi za UPMC, mtandao wa hospitali wenye wafanyakazi zaidi ya 90,000.

Ripoti hizi zinapikwaje? Wanajumlisha mishahara na manunuzi, kisha wanazidisha, kwa hoja kwamba muuguzi akilipwa naye ananunua mkate, na mwenye duka naye analipa watu wake. Mzunguko huo upo, sibishi. Lakini hospitali isingekuwepo, fedha hiyo ingekwenda wapi? Mkazi wa Pittsburgh, kama asingelipa bima ya afya, fedha hiyo angeitumia kwingine, sehemu kubwa papo hapo mjini. Fedha mpya kwa jimbo ni ile inayotoka nje: ruzuku za utafiti za serikali kuu, ada za wanafunzi wa majimbo mengine, wagonjwa wanaokuja kutoka mbali. Tenganisha hayo mafungu mawili, fedha ya ndani na fedha ya nje, uone kinachobaki.

Na hesabu hiyohiyo inapunja pia. Chanjo ya polio ya Jonas Salk ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, na mwaka 1955 ikatangazwa kwamba inafanya kazi. Kwa kanuni ya ripoti hizi, mchango wake ni mishahara ya maabara na vifaa vilivyonunuliwa. Watoto waliotembea kwa miguu yao hawana safu.

Sasa njooni Braddock, mji mdogo jirani, kando ya mto Monongahela, ambako kiwanda cha Edgar Thomson kiliendelea kuzalisha chuma. Januari 2010 UPMC iliifunga hospitali ya pale. Mwaka 2012 ikafungua nyingine mpya Monroeville, kitongoji chenye kipato kizuri zaidi. Kwenye ripoti, Monroeville inaleta saruji, mafundi na ajira. Mama wa Braddock asiye na gari haonekani popote, na nauli yake ya basi kwenda kutibiwa ikihesabiwa, inahesabiwa kama ongezeko la matumizi!

Haya si mambo ya darasani. Mwaka 2013 meya wa Pittsburgh, Luke Ravenstahl, aliifikisha UPMC mahakamani akipinga msamaha wake wa kodi kama taasisi ya hisani. Mwaka uliofuata mrithi wake, Bill Peduto, akaiondoa kesi. Jimbo linalosamehe kodi lina haki ya kujua linapata nini.

Nawasilisha. Karibuni.

*Jibu:*
Mkuu, ajira unazipitia juu juu. Mimi niko hukuhuku Pennsylvania, kazi yangu ni kuwahudumia wazee, na Wakongo wenzangu wengi wameanzia kazi hii hii. Chuma kimeondoka, sisi ndio tunaolipa kodi ya nyumba kwa mshahara wa hospitali. Halafu hiyo fedha yako ya nje: nikimwogesha bibi wa hapa sichangii, akija tajiri kutoka New York ndiyo nachangia?

*Mleta mada:*
Dada, swali lako ndilo linaloonyesha kwa nini kipimo kimoja hakitoshi. Fedha ya nje inajibu swali la kiasi gani jimbo limevuta, basi. Kazi unayomfanyia yule bibi ina thamani ileile, anatoka Braddock au New York, na inahitaji kipimo chake.

Kipimo hicho kinawezekana. Uingereza tangu 1998 takwimu za pato la taifa zilianza kuhesabu wanafunzi waliofundishwa na wagonjwa waliotibiwa, badala ya kuangalia gharama tu. Mwaka 2020 shule zilipofungwa na upasuaji kuahirishwa, pato lao lilionekana kushuka ingawa walimu waliendelea kulipwa. Linganisha na kupima kwa gharama: Marekani inatumia takriban asilimia 17 ya pato lake kwenye afya, Japani kama asilimia 11, na Wajapani wanaishi miaka mingi zaidi. Kwa kipimo cha ripoti zetu, Mmarekani ndiye anayefanya vizuri.

Kwa hiyo nataka hivi: taasisi inayoomba msamaha wa kodi iweke kando ya mabilioni yake idadi ya waliotibiwa bure, waliopona, wanafunzi wa jimbo waliohitimu na deni walilobeba, na vituo ilivyofunga, kimoja kimoja kwa jina la mji.