Naomba ushauri: mbege (pombe ya ndizi) naipimaje kwenye dodoso la unywaji pombe?
Wakuu, habari zenu. Nasoma afya ya jamii, na utafiti wangu unahusu unywaji wa bodaboda huku Moshi Vijijini na hatari zinazofuata: kuendesha wamelewa, ngono bila kinga. Natumia dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani, maswali 10. Alama 8 na kuendelea ni unywaji wa hatari.

Nimekwama swali la 2, mtu hunywa vinywaji vingapi kwa siku anayokunywa. Kinywaji kimoja ni gramu 10 za kilevi. Bia ya chupa nahesabu, mbege je? Jana kijana kaniambia, "Dada, kata moja tunapokezana wanne, nitajuaje zangu ngapi?" Nikabaki na kalamu mkononi. Na ukali wake hutegemea mama aliyeipika.

Swali la kondomu ndiyo kabisa, wanajibu kijiweni wenzao wakisikiliza, wanaishia kucheka. Majibu hayo siyaamini, na inaniuma; binamu yangu tulimzika baada ya kupanda pikipiki amelewa.

Mliowahi kukusanya data vilabuni, pombe za kienyeji mlizipimaje? Na nimtafute kaka awahoji faragha, au wajaze wenyewe?