Gordon kusimamishwa besi ya tatu, 2014: kocha alikosea?

Mpenda_Besiboli: Ndugu zangu, miaka imepita lakini jambo hili halijanitoka. 29 Oktoba 2014, Kansas City, mechi ya 7 na ya mwisho ya World Series, fainali ya besiboli ya Marekani. Giants wa San Francisco 3, Royals wa Kansas City 2, mzunguko wa 9, wa mwisho, auti mbili; ya tatu mchezo unaisha. Alex Gordon wa Royals anapiga, mpira unampita Gregor Blanco wa Giants hadi ukutani, mwenzake Juan Perez naye unamponyoka. Gordon yuko besi ya tatu, imebaki nyumbani tu apate pointi ya kusawazisha, na Mike Jirschele, kocha wa Royals wa kuongoza wakimbiaji pale, kainua mikono: simama! Kisha Salvador Perez wa Royals akapiga mpira wa juu, Sandoval wa Giants akaudaka, auti ya tatu, ubingwa ukaenda San Francisco. Bumgarner, mrushaji wa Giants, alikuwa anarusha tangu mzunguko wa 5 bila kutoa hata pointi moja. Ungesubiri nini tena? Mimi ningempungia akimbie!

Mwalimu_wa_Softiboli: Rudia video, ila Gordon muache. Mtazame Brandon Crawford wa Giants, aliyerushiwa mpira kutoka ukutani. Mikono ya kocha inapopanda, mpira tayari anao, na mkono wake una nguvu hasa. Besi ya tatu hadi nyumbani ni mita 27 na kitu. Gordon angemkuta Buster Posey, mdakaji wa Giants, anamngoja na mpira mkononi. Nafundisha wasichana softiboli, nami husimama penye besi ya tatu kama Jirschele. Mwaka jana nilimpungia binti mmoja kwa sababu umati ulikuwa unapiga kelele "kimbia!" Alitolewa hatua tatu kabla ya kufika. Alilia, na kosa lilikuwa langu.

Mpenda_Besiboli: Pole mwalimu. Lakini mpira ule ule ulishawashinda watu wawili. Crawford angerusha vibaya je? Na Salvador Perez aligongwa mguuni na mpira mzunguko wa 2, alikuwa na maumivu.

Mwalimu_wa_Softiboli: Perez huyo huyo ndiye pekee aliyempata Bumgarner pointi fainali zile, kwa homurani (mpira uliopigwa nje ya uwanja) ya mechi ya 1. Na Jirschele si mwoga. Oktoba 2015, dhidi ya Toronto, Hosmer wa Royals alipiga, Jirschele akampungia mwenzake Lorenzo Cain akimbie kutoka besi ya kwanza moja kwa moja hadi nyumbani, maana alishajua Bautista wa Toronto hupenda kurusha besi ya pili. Royals wakashinda 4-3, wakaingia fainali, wakachukua ubingwa. Macho yale yale ndiyo yaliyomzuia Gordon.

Mpenda_Besiboli: Nimeitazama tena mara nne. Kweli, Crawford anao mpira. Bado ningempungia.