Mrejesho: ile picha ya alizeti ya marehemu shangazi

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza picha ya alizeti iliyokuwa sebuleni kwa marehemu shangazi ni ya nani, na kwa nini maua yake yanaonekana kama yamepakwa harakaharaka.

Aliyenishauri niitoe kwenye fremu, Mungu akubariki. Ukingo wa mbao ulikuwa umefunika kona ya juu kulia, na pale pana sahihi: Claude Monet 81. Yaani ni ya Monet, yule mchoraji Mfaransa, ya mwaka 1881, alipokuwa akiishi kijiji cha Vétheuil, Ufaransa. Yangu imechapwa kiwandani tu. Yenyewe halisi iko kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Sijasikitika hata kidogo.

Kuhusu "haraka", nilikosea. Nimeikalisha dirishani siku tatu nikiitazama. Ukisogea karibu unaona mikwaruzo ya brashi ya njano, chungwa na kijani, hakuna ua hata moja lililochorwa petali kwa petali. Rudi nyuma hatua nne, maua yanakaa sawa, mengine yamechangamka, mengine yameanza kuinama. Na kile kitambaa chekundu cha mezani ndicho kinachoifanya njano iwake. Majani nayo yamejikunja kila upande, utadhani yamekatwa shambani asubuhi hiyohiyo.

Kuna mdau aliuliza kama ni ya Van Gogh, yule mchoraji Mholanzi aliyechora alizeti pia. Hapana, zake maarufu, za mji wa Arles, Ufaransa, alianza kuzichora 1888, miaka saba baadaye.

Nimeirudisha ukutani, safari hii kwenye fremu pana zaidi ili sahihi ionekane. Asanteni sana.