Naomba ushauri: kuhamisha ratiba za ndege kutoka ubaoni kwenda kwenye mfumo wa pamoja

Wakuu, napanga ratiba za ndege za usafirishaji kikosini, na hadi leo tunatumia ubao mweupe wenye vibao vya sumaku vya majina ya marubani, ilhali mafundi wana daftari lao la matengenezo. Juzi nilimpangia rubani safari ya alfajiri bila kujua kwamba saa zake za mapumziko hazijatimia. Jeshi la Anga la Marekani, lilipoacha ubao wa kupangia ndege za kujaza mafuta angani kituoni Al Udeid, Qatar, lilianza na programu ya kazi hiyo moja tu. Je, nasi tuanze na taarifa za marubani au za matengenezo, na nani apewe ruhusa ya kubadili ratiba, ikizingatiwa kwamba taarifa zilizokusanywa pamoja hufichua mengi kuliko kila moja peke yake?