Karanga. KARANGA. Ndani ya kazi yangu!

Nimetoka pale sasa hivi, hata viatu sijavua. Mkono unatetemeka, kwa hiyo makosa ya herufi mtanisamehe, na asiyetaka kusamehe naye aende akale karanga.

Mnamjua. Jina sitaji, sina pesa ya kulipa avoka, wakili. Yule wa viatu vyeupe vinavyolia kwi-kwi-kwi hata sakafu ikiwa kavu. Yule ambaye hotuba yake ya mwaka jana ilianza mtoto wa jirani yangu hajaota jino, ikaisha mtoto anapeleka mahari. Huyohuyo.

Leo tulikuwa tunafungua maonyesho yetu watu wa kioo hapa Lubumbashi. Wenzetu wametoka Likasi, wametoka Kolwezi, wengine wamevuka mpaka wa Kasumbalesa na vioo vyao mapajani kama watoto wa kubatizwa. Mimi nimeleta kazi moja. Moja tu! Nimeitandikia kitambaa cheusi, nimeweka kikaratasi pembeni chenye jina langu na TAFADHALI USIGUSE. Naenda nyuma kutafuta maji ya kunywa. Narudi. Karanga.

Za kukaanga. Na chumvi. Zimejaa mpaka ukingoni. Na yeye ameishika kwa mkono mmoja, MKONO MMOJA, anapita nayo mbele ya wageni, "karibuni, mchukue, mchukue," utadhani ni shangazi wa bibi harusi.

Sasa niwaambie kile kitu ni nini, maana kuna wengine humu wanafikiri kioo kinaota mtini. Ni tabaka mbili za kioo cha dirisha, kutoka nyumba ya nkambo wangu, bibi yangu, kule mtaa wa Katuba. Katikati yake nimelaza shaba nyembamba kama karatasi, nimeikata kwa mkasi umbo la ule msalaba wetu wa zamani wa Katanga, ile pesa ya shaba ya mababu. Ukipeleka kwenye digrii 800 kioo kinashikana, shaba inabaki imefungwa ndani, inageuka nyekundu ya damu ya ng'ombe, na kwenye kingo inatoa bluu kidogo, kidogo sana, kama moto wa gesi. Halafu kupoa, na hapo ndipo watu wanapolia. Inabidi ukae kwenye 540 hivi, utulie, ushuke taratibu usiku kucha. Ya kwanza umeme ulikatika usiku wa manane tanuri likiwa linashuka. Nilitupia mablanketi, nikatupia na koti la mume wangu. Asubuhi nafungua: nusu mbili, zimepasuka mstari ulionyooka kama rula. Ya pili niliikawiza sana kwenye joto la juu, ikatoka na ukungu mweupe usoni, kama chai iliyoganda. Ya tatu ikatoka. Ya tatu nilikaa nayo macho mpaka jogoo akaniuliza kama siumwi.

Ya tatu ndiyo ikatiwa karanga.

Nikamfuata. Kwa adabu kabisa, wageni wanaangalia. Nikamwambia, "Papa, samahani, hii ni kazi yangu." Akaniangalia. Akaangalia karanga. Akachukua moja, akaimenya kwa kidole gumba, ganda akaliangushia HUMOHUMO. Akasema:

"Kazi gani, mama? Si sahani?"

Si sahani! Ukumbi mzima ukacheka. Hata yule mtoto wa kugawa soda alicheka, na hajui hata alichochekea.

Nimefika nyumbani nimeiosha. Yale maganda membamba mekundu yameganda juu ya kioo palepale kwenye msalaba, nilikuwa nakwangua kwa ukucha sijui lipi ni ganda, ipi ni shaba. Chumvi imeingia kwenye vile vitundu vya hewa pembeni. Nimetumia mswaki. Mswaki wangu mwenyewe!

Kazi gani, si sahani. Sitaki ushauri. Nataka tu mjue.

—

Mkwe_wa_Likasi: Pole sana yaya, dada mkubwa. Inauma. Swali moja dogo: zilikuwa zimekaangwa vizuri?

Vipande_vya_Katuba: Wewe toka kwenye uzi wangu.

Fundi_Dirisha: Samahani mama, lakini tuseme ukweli. Ni ya mviringo. Imebonyea katikati. Ina ukingo. Imewekwa juu ya meza, karibu na vinywaji. Mtu mwenye karanga mkononi angefanya nini? Siku nyingine itoboe tundu.

Vipande_vya_Katuba: Na kichwa chako ni cha mviringo, kina ukingo, nacho tukitie karanga? KILIKUWA NA KIKARATASI.

Fundi_Dirisha: Kikaratasi mimi niliona kimeandikwa bei. Nikafikiri ni bei ya karanga. Nikasema hawa watu wa sanaa ni wezi.

Shahidi_Kamalondo: Yaya, usitudanganye batu. Mi nilikuwa palepale ku mulango. Weye mwenyewe ulikula! Papa alipita mbele yako, ukanyoosha mukono, ukachukua mingi, ukatia mu kinywa, ukatafuna mara tatu. Ya inne njo macho ikakutoka.

Mkwe_wa_Likasi: HAHAHAHA Mungu wangu. Kumbe zilikuwa nzuri.

Vipande_vya_Katuba: Nilikuwa na njaa. Sikula tangu asubuhi kwa sababu ya kuisubiri hotuba yake. Na ukumbi ulikuwa na giza. Hilo halihusiani kabisa na jambo lenyewe.

Shahidi_Kamalondo: Haikuwa giza. Ilikuwa saa kumi ya muchana.

Malakiti_Safi: Nyinyi watu wa kioo mnapenda kulia. Angalau mlipewa meza. Sisi wa malakiti, wachonga lile jiwe la kijani, walituita "mje mpambe ukumbi", tukafika, tukawekwa kwenye kona ya choo. Kila anayetoka anajifutia mkono kwenye kitambaa chetu. Nimekaa saa tano nauza tembo wa kijani kwa watu wanaofunga mkanda. Mmoja akaniuliza, "Hii ni sabuni?"

Shaba_ya_Nyundo: Afadhali wewe kona ya choo. Sisi wa kufua shaba tuliambiwa tukae nje kwa sababu tunapiga kelele. Hatukuwa tunapiga! Kazi tumeileta imekwisha! Jua la Lubumbashi la mwezi wa kumi mnalijua, sura zangu za shaba ziliwaka huwezi kuzishika. Mteja kagusa, karuka, kaondoka.

Kolwezi_Mpaka_Mwisho: Ninyi mko mjini mnalalamika nini? Mimi nimesafiri kilomita 300 na zaidi na taa sita za kioo. Nimezifunga kwa gazeti, kwa vumbi la mbao, kwa nguo za mtoto. Ndani ya basi kondakta kaniambia boksi liende juu. Nikamwambia ni kioo. Akasema ndiyo, ndiyo, nitaliweka polepole. Akalipokea mwenzake juu ya paa nikasikia "ptaa!" kama bao la mpira. Kutoka pale mpaka Likasi nilikuwa nasikia muziki. Zimefika taa mbili na kilo nne za changarawe.

Vipande_vya_Katuba: Pole ndugu yangu. Lakini taa zako hazikutiwa karanga.

Kolwezi_Mpaka_Mwisho: Ningezitia mwenyewe kama ingesaidia.

Ng'ambo_ya_Mpaka: Mimi mtu mmoja pale mpakani aliniuliza, "Hizi ni chupa au ni sanaa?" Nikaona huu mtego. Nikisema chupa, ataniuliza vidanji, chupa tupu za kurudisha, iko wapi. Nikisema sanaa, ushuru wa vitu vya anasa. Nikajibu, "Ni zawadi za mama mkwe." Akanionea huruma, akanipitisha.

Bluu_ya_Kwetu: Mradi tunatapika yote, na mimi nitapike langu. Kuna mmoja kwenye kikundi chetu, naye mnamjua, kila maonyesho anasimama mbele ya vazi yake, chombo cha kioo cha kutia maua, "hii bluu ni ya Italia, hii bluu huwezi kuipata hapa." Bluu ile ni kobalti! KOBALTI! Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inachimbwa nchi hii, malori yake yanatuziba barabara kila siku. Imetoka nyuma ya nyumba yake, imepanda meli, imesagwa, imerudi kwenye kikopo cha kukaa kiganjani, amekinunua kwa bei ya mbuzi, na anatuambia ni ya Italia. Mbuzi kaenda Ulaya kafundishwa kusema bonjorno.

Fundi_Dirisha: Na ukitia kidogo zaidi ya ncha ya kisu inakuwa nyeusi kabisa. Vazi yake ile ya pili anayoiita "Usiku" ni makosa ya kipimo.

Bluu_ya_Kwetu: NILIJUA.

Mwanafunzi_Ruashi: Wakubwa, samahani kuingilia. Mimi niliyeyusha chupa ya bia na chupa ya soda pamoja, ikatoka nzuri sana, nikaipeleka kwa mama. Siku ya nne ikapasuka yenyewe juu ya kabati usiku. Mama anasema ni uchawi. Ameita watu wa maombi.

Fundi_Dirisha: Si uchawi, mwanangu. Kila kiwanda kina kioo chake. Kikipoa, kimoja kinasinyaa zaidi kuliko kingine, wanavutana humohumo ndani mpaka mmoja anaachia. Chukua chupa za aina moja, ikiwezekana za kazie moja, kreti moja. Waambie watu wa maombi warudishe sadaka.

Baa_ya_Mjomba: Umesema kazie. Asante. Nilikuwa natafuta mahali pa kuingilia. Kuna mtu wa kikundi hiki alikuja kwenye baa ya mjomba wangu Kampemba, akachukua kazie mbili za vidanji, chupa 24 kila moja, "kwa ajili ya sanaa, mzee, jina lako litaandikwa." Mjomba mpaka leo anatembelea maonyesho anatafuta jina lake. Zile chupa zina rehani! Arudishe!

Malakiti_Safi: Mtafute mwenye sahani.

Vipande_vya_Katuba: Mimi situmii chupa! Natumia dirisha! Nimesema hapo juu! Na SI SAHANI!

Binamu_Katuba_2: Enhe. Nilikuwa nasoma kimya kimya. Dirisha lipi, dada?

Vipande_vya_Katuba: Usianze.

Binamu_Katuba_2: Dirisha la nkambo? Lile la chumba cha kulala? Watu wa uzi, huyu alituambia lilivunjwa na mpira wa watoto. Sasa nimesoma "tabaka mbili", na moja kabla, na nyingine kabla tena. Kioo kilichovunjwa na mpira kinatoa wapi vipande sita vizima? Nimekwenda kuangalia saa hii hii na tochi. Pate, ile gundi ya kushikia kioo, imekwanguliwa kwa kisu vizuri kabisa, misumari midogo imepangwa juu ya ubao mmoja baada ya mwingine. Mpira gani huo wenye adabu?

Shahidi_Kamalondo: Aaaah yaya.

Vipande_vya_Katuba: Nilikuwa nitarudisha kipya.

Binamu_Katuba_2: Lini? Mvua ya mwezi wa kumi na moja hii hapa. Pale kuna mfuko wa mbolea umepigiliwa na misumari, upepo ukija unalia usiku kucha bwa-bwa-bwa, nkambo anafikiri ni mume wake amerudi. Leo jioni nimemsomea uzi wako wote. Nikamwambia, nkambo, kioo chako kiko kwenye maonyesho, ni kazi ya sanaa. Akaniuliza, "Kazi gani? Si dirisha?"

Mkwe_wa_Likasi: Nimeanguka kwenye kiti.

Fundi_Dirisha: Nkambo apewe kipaza sauti badala ya yule wa viatu.

Shaba_ya_Nyundo: Mimi naweza kuziba dirisha hilo kwa bati la shaba. Bei ya jirani.

Baa_ya_Mjomba: Na kazie zetu?

Ng'ambo_ya_Mpaka: Kwani nani alichukua hizo kazie? Mimi niliona mtu wa mtaa wa Bel-Air amepanga chupa uani kama duka.

Bluu_ya_Kwetu: Si ndiye huyohuyo wa "bluu ya Italia"?

Baa_ya_Mjomba: NITUMIE ANWANI KANDO.

Mwanafunzi_Ruashi: Wakubwa, watu wa maombi wamekataa kurudisha. Wanasema kioo kimepoa kwa sababu yao.

Kolwezi_Mpaka_Mwisho: Kuna anayejua basi la kurudi ambalo kondakta ana dini?

Mkwe_wa_Likasi: Jamani, nimeuliza tangu mwanzo hakuna aliyenijibu. Wikiendi nina wageni. Zile karanga zilinunuliwa wapi?

Vipande_vya_Katuba: Soko la Kenya, ule mtaa wa hapa mjini, nyuma ya wauza makala, wauza mkaa. Mama mwenye mwavuli mwekundu. Mwambie akutilie zile za chini ya beseni, za juu zina chumvi nyingi.