Wakuu, kutembea kwa miguu Rosedale, mtaa wa matajiri Toronto, inaruhusiwa au nitaishia polisi?

fundi_miche

Habari zenu wakuu, poleni na foleni. Mimi nina kitalu cha miche pembeni ya barabara huku Mikocheni, Dar, mwaka wa kumi na moja sasa, nauza miche na kutengeneza bustani za watu Masaki na Oysterbay. Mwezi wa kumi Mungu akipenda naenda Toronto kumwona dada yangu kajifungua, anakaa Scarborough, tiketi kakata shemeji na viza imeshatoka kwa hiyo hapo msinishauri kitu nimeshahangaika vya kutosha.

Sasa kuna siku moja shemeji yuko kazini na dada ana kliniki ya mtoto, hiyo siku ni yangu peke yangu. Wengine wangekimbilia ule mnara wa CN, mimi nataka kuona bustani. Kuna mteja wangu alinionyesha picha kwenye simu ya mtaa unaitwa Rosedale, nyumba kubwa za matofali mekundu, ukoka umeshuka mpaka barabarani, hamna ukuta, hamna geti, hamna nyaya za shoti juu, hamna hata lile bango la mbwa mkali. Nikamwambia bosi hiyo picha wameichezea. Akacheka, akasema nenda kajionee.

Ndo swali langu sasa, mtu mweusi, kavaa koti la kuazima, anatembea taratibu anakodolea macho bustani za watu, hivi hawaiti polisi? Maana mimi hapa Masaki ambako watu wananijua nikisimama dakika mbili nje ya geti ambalo sina kazi nalo mlinzi anatoka, we unamtafuta nani. Na kutoka Scarborough nafikaje, na nikifika naanzia wapi, nimeangalia ramani ile mitaa imejipinda kama utumbo wa mbuzi.

Natanguliza shukrani.

BintiTanga_Kanada

Karibu kaka, na hongera kwa kuwa mjomba. Mimi nipo Scarborough mwaka wa tisa, nikupe njia.

Hapo kwa dada yako panda basi lolote linaloenda stesheni ya Kennedy, pale unaingia treni ya laini ya 2, unashuka Bloor-Yonge, unabadilisha laini ya 1 inayoelekea kaskazini, stesheni ya kwanza tu ndo Rosedale yenyewe. Nauli dola 3.30 ukigonga kadi ya Presto au hata kadi ya benki, na ukishagonga una masaa mawili ya kubadilisha mabasi na treni bila kulipa tena, sio kama daladala kila ukishuka mfukoni. Ile stesheni ni ya zamani, ilifunguliwa 1954 pamoja na treni ya kwanza kabisa ya chini ya ardhi nchi hii, ila cha kuchekesha hapo Rosedale treni haiko chini, unatokea juani kabisa unaona miti.

Ukitoka nje barabara iliyo mbele yako ni Crescent Road. Ifuate hiyo, usiogope kupinda, itakuingiza ndani ndani. Halafu uliza South Drive, mwisho wake kuna kibustani cha umma kinaitwa Craigleigh Gardens, zamani kilikuwa kiwanja cha tajiri mmoja anaitwa Edmund Osler, nyumba ilibomolewa ila mageti yake ya chuma yamebaki. Kwa hiyo geti utaliona kaka, ila halifungwi, na nyuma yake hamna nyumba, kuna watu wanatembeza mbwa.

Kuhusu polisi, barabara na njia za miguu ni za umma, tembea. Kupiga picha ukiwa barabarani hamna sheria unayovunja, ila usikanyage ukoka wa mtu na usipige watoto wa watu picha. Nitakuwa mkweli lakini, kuna siku nilisimama mbele ya nyumba moja nasoma meseji, akatoka mama mmoja ana tabasamu zuri kabisa akaniuliza naweza kukusaidia? Mwanzoni nikaona wema huo. Baadaye nikajifunza, huku swali hilo likiulizwa kwa sauti ile ndo mlinzi wao wa getini. Jibu lake ni rahisi, mwambie naangalia miti yenu mizuri. Wanalainika hapohapo, atakuhadithia mti ulipandwa na nani.

mzee_wa_coco

Mimi sielewi. Mtu unapanda ndege ya kuunganisha Addis au Dubai, karibu siku nzima njiani, unafika Toronto unaenda kuangalia nyasi za jirani. Nyasi! Nyie vijana. Kama ni matajiri nenda Bridle Path huko ndo kuna majumba, ndo alikojenga Drake yule mwanamuziki, viwanja vya ekari mbili mbili, mageti ya chuma yanajifungua yenyewe. Hiyo Rosedale ni nyumba za wazee zimebanana.

BintiTanga_Kanada

Mzee wangu shikamoo. Bridle Path ni kweli majumba, ila huyu kaka anatembea kwa miguu. Kule sehemu nyingi hamna hata njia ya waenda kwa miguu, unatembea pembeni ya barabara magari yanakupita, na unachoona ni ukuta, ua wa miti na kamera. Sasa si bora abaki Masaki?

mzee_wa_coco

Marahaba mwanangu. Hapo nimekuelewa.

KijanaWaTandika

Aisee uzi wangu huu. Nilifanya kazi misimu miwili na kampuni ya bustani huko huko Rosedale kabla sijarudi nyumbani, mleta mada umechagua mwezi mzuri kuliko yote, mwezi wa kumi mwishoni majani yanageuka mekundu na njano, mtaa mzima unawaka, hasa ile miti ya jani la kwenye bendera yao, na mialoni mikubwa ukiikumbatia mikono haikutani.

Sasa nikwambie vitu vya kuangalia kama fundi, achana na nyumba. Kwanza kabisa ukate mti. Jaribu uone. Toronto mti wowote ukifika sentimita 30 unene wa shina, hata kama uko ndani ya kiwanja chako umeupanda mwenyewe, hukati bila kibali cha jiji. Bosi wangu kuna mteja alitaka mti mmoja utoke kwa sababu unamwagia majani kwenye gari, makaratasi yakaenda yakarudi mpaka mimi namaliza mkataba mti umesimama vilevile unamwaga majani. Halafu nikakumbuka mikungu ya kwetu Oysterbay, unapita asubuhi mti upo, unapita jioni kuna mchanga na nondo.

Pili, muda huo utawakuta wenzetu wanachimba vishimo wanafukia vitunguu, usicheke, sio vya kula, ni mbegu za tulip na wenzake. Vinazikwa kabla ardhi haijaganda, vinalala chini ya theluji miezi yote ile, mwezi wa nne mwezi wa tano vinachomoza. Wewe ukimwambia mteja wa Masaki nimepanda leo utaona maua baada ya miezi sita anakufukuza na hela anadai.

Halafu magunia. Vichaka vya pembeni ya barabara wanavivalisha gunia, kabisa, wanapigilia vigingi wanazungushia kama mgonjwa, kwa sababu ya upepo wa baridi na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, ile chumvi inaunguza majani. Na yale majani makavu hawachomi moto kama sisi, yanajazwa kwenye mifuko mirefu ya kaki ya karatasi, plastiki jiji halibebi, yanawekwa nje gari linapita linakusanya linaenda kutengeneza mboji. Mimi nilikuwa mtu wa mifuko. Mgongo wangu unaikumbuka Rosedale kuliko macho yangu.

Kuhusu kutokuwa na ukuta, mteja wako hakukudanganya. Kipande cha mbele cha ule ukoka mara nyingi ni cha jiji, ni eneo la barabara, mwenye nyumba anafyeka tu, na uzio wa mbele una vipimo vyake vya sheria, hujiinulii tofali kumi na tano na chupa juu. Ila usidhani hawajifichi. Wanajificha nyuma. Uani huko ndo kuna bwawa la kuogelea na sherehe zote, na nyumba nyingi mgongo wake umetazama korongo.

MamaKhadija

Nimefurahi kijana kataja makorongo maana mimi ndo nilitaka kusemea hayo. Nimekaa Toronto miaka sita na mume wangu alikuwa masomoni, tulikaa St. James Town. Mwanangu fundi miche, ukimaliza kuangalia bustani usirudi ulikotokea, fuata Glen Road kuelekea kusini mpaka barabara inaisha, kuna daraja dogo la miguu juu ya bonde. Ni dakika chache tu kulivuka. Unatokea stesheni ya Sherbourne, na hapo jirani ni St. James Town, maghorofa marefu yamesongamana, nguo kwenye vibaraza, Wafilipino, Waethiopia, Wanepali, harufu ya vitunguu vinavyokaangwa kutoka kila mlango. Dada wengi wanaosafisha zile nyumba za Rosedale na kulea watoto wa kule wanavuka hilo daraja asubuhi na kurudi jioni, mmoja alikuwa jirani yangu ghorofa ya kumi na nne, dirishani kwake alikuwa anaiona miti ya bosi wake lakini nyumba haionekani. Ndo maana ukuta hawahitaji. Bonde linatosha.

Na hayo mabonde msiyaone hivi. Usiku wa tarehe 15 Oktoba 1954 kimbunga Hazel kilipita Toronto, mito ikafurika, wakafa watu 81, kuna mtaa mmoja pembeni ya mto Humber nyumba zilisombwa na watu wamelala ndani. Baada ya hapo serikali ikasema bondeni hakuna tena kujenga, wakayanunua maeneo wakayafanya misitu na njia za kutembea. Mimi nikitembea kule chini nilikuwa naiwaza Jangwani ya kwetu Dar, kila masika tunahamisha magodoro, na tunarudi.

Kama una nguvu ya miguu, kabla ya kwenda kwenye hilo daraja vuka kwanza daraja la Glen Road la kaskazini, lile la magari, uulize Chorley Park. Pale palikuwa na kasri la mwakilishi wa mfalme katika jimbo la Ontario, tuseme Ikulu ndogo, lilifunguliwa 1915. Hali ya uchumi ilipokuwa mbaya miaka ya 1930 waziri mkuu wa jimbo Mitchell Hepburn akasema hii ni anasa, likafungwa 1937. Baadaye likabomolewa, na mpaka leo mwakilishi huyo hana kasri jingine. Pamebaki majani na mabenchi. Kutoka hapo kuna njia inashuka kwa kona kona mpaka Evergreen Brick Works, kiwanda cha zamani cha matofali kilichoanza 1889, shimo walilochimba udongo sasa ni mabwawa yana kasa na bata. Nadhani mwenye kitalu cha miche atalala huko.

fundi_miche

Dah wakuu mimi sina la kusema. Mama Khadija shikamoo, nimesoma nikasimama kidogo. Huku kwangu ni hivyo hivyo tu, mimi natoka Mburahati asubuhi naenda kumwagilia ukoka Masaki, tofauti hatuna daraja tuna daladala mbili.

Ngoja niongeze moja, nataka kurudi na mbegu za ule mti wa bendera, hata kumi tu, nijaribu kwenye viriba. Nikifanikiwa nakuwa wa kwanza Dar.

KijanaWaTandika

Kiongozi utajitafutia kesi. Mbegu na miche kuingiza nchini bila kibali cha TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea, na cheti cha afya ya mmea cha huko ulikotoka wanakunyang'anya eapoti, na wana haki, wadudu wanaingia hivyo hivyo. Na kwenda nako usibebe kitu, wasije wakakuta udongo kwenye viatu vya kazini, vioshe. Halafu kwa taarifa yako mbegu ya ule mti haioti mpaka ilale kwenye baridi kali wiki nyingi kwanza, utaiweka wapi, kwenye friji ya bia?

mzee_wa_coco

Friji ya bia ipo, Coco Beach hapa. Ila TANESCO wakikata tu mbegu zinaamka.

fundi_miche

😂😂 Basi mbegu naziacha, nitapiga picha za magunia, hayo nimeyapenda, nitamwonyesha mteja wangu. Swali la mwisho na ni la muhimu kuliko yote, kwenye mizunguko yote hiyo choo kiko wapi? Maana mimi na baridi tukikutana ni kila nusu saa.

MamaKhadija

Marahaba mwanangu. Mitaani humo usitegemee, na usijidanganye na vichaka vyao. Kipo Brick Works, kisafi na bure, jibane mpaka hapo. Na ukienda Jumamosi asubuhi utakuta na gulio la wakulima, nunua kitu cha moto ndo upandishe kile kilima.

BintiTanga_Kanada

Na chai unywe nusu kaka, stesheni bado mbali.